Dola Ilipojifanya Mufti

Oktoba 1947, Pakistan ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu, ujumbe wake katika Umoja wa Mataifa uliongozwa na mwanasheria aitwaye Muhammad Zafarullah Khan. Ndiye aliyesimama kuwatetea Wapalestina dhidi ya mpango wa kuigawa nchi yao, kwa hotuba zilizompa heshima kubwa kwa Waarabu. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameichukua kesi ya chama cha Muslim League mbele ya tume iliyogawa Punjab, kwa kuteuliwa na kiongozi wa chama hicho na muasisi wa Pakistan, Muhammad Ali Jinnah mwenyewe. Desemba mwaka ule akawa waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa taifa lililoundwa kwa jina la Waislamu wa Bara Hindi. Zafarullah alikuwa Mwahmadiyya. Hakulificha hilo, na Jinnah alilijua.

Leo Mwahmadiyya wa Pakistan akiliita jengo analosalia msikiti, sheria inamruhusu hakimu kumfunga hadi miaka 3. Akiadhini, ni vivyo hivyo. Akisema yeye ni Mwislamu, ni vivyo hivyo. Wapo waliofikishwa polisi kwa kuchinja siku ya Idi, na wapo waliofikishwa kwa kutoa salamu.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari ya umati wenye hasira. Umati upo, na umeua. Lakini ukiifuata mwaka baada ya mwaka, wanaojitokeza katika kila kona ni watu wa ofisini: mawaziri, majenerali na majaji waliokuwa na uwezo wa kukataa, wakaona kukubali ni nafuu. Kila walipokubali walidhani wananunua utulivu. Kila mara bei ilipanda.

Tofauti ya itikadi iwekwe wazi, maana si ndogo. Mirza Ghulam Ahmad, aliyezaliwa 1835 katika mji mdogo wa Qadian huko Punjab, alianzisha jumuiya yake 1889 na kudai kuwa ndiye Masihi na Mahdi aliyeahidiwa. Wafuasi wake walio wengi humwita nabii, huku wakisisitiza kwamba ni nabii aliye chini ya Mtume Muhammad na asiye na sheria mpya. Kundi dogo la Lahore, lililojitenga 1914, linamhesabu kuwa mujadidi tu, yaani mhuishaji wa dini. Kwa maulamaa wa Kisunni na wa Kishia, mlango wa unabii ulifungwa kwa Mtume Muhammad, na anayedai vingine ametoka katika Uislamu. Mwislamu ana haki ya kuamini hivyo, kulihubiri hilo mimbarini, kukataa kusali nyuma ya imamu wa Kiahmadiyya na kukataa kuoza kwao. Waahmadiyya nao hawasali nyuma ya imamu asiyekuwa wao. Hayo ni mambo ya watu na imani zao. Ninachokiuliza mimi ni kingine: nini humpata raia pale serikali inapoichukua fatwa, ikaipiga mhuri wake na kumkabidhi polisi aitekeleze?

Jaribio la kwanza lilikuwa 1953. Majlis-e-Ahrar, chama cha kidini kilichopinga kuundwa kwa Pakistan na ambacho baada ya 1947 kilikuwa kinatafuta hoja ya kurudi nayo uwanjani, kiliipata hoja hiyo kwa Waahmadiyya. Jamaat-e-Islami ya Abul A'la Maududi ikaingia pia. Walitaka mambo matatu: Waahmadiyya watangazwe kuwa si Waislamu, Zafarullah afukuzwe uwaziri, na wenzake waondolewe katika vyeo vikubwa. Punjab ilikuwa katika uhaba wa ngano, na Waziri Kiongozi wa jimbo, Mumtaz Daultana, hakuona ubaya hasira za wananchi zikielekezwa kwa serikali kuu iliyokuwa Karachi. Lahore ikawaka. Maduka na nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na tarehe 6 Machi mji ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hapo ndipo jeshi la Pakistan lilipoonja kwa mara ya kwanza kutawala raia.

Serikali ya wakati ule, pamoja na kuyumba kwake kote, iliyakataa madai hayo. Zafarullah alibaki waziri hadi 1954. Majaji wawili, Muhammad Munir na M. R. Kayani, walipewa kazi ya kuchunguza chanzo cha ghasia, na ripoti yao inafaa kusomwa hata leo. Waliwaita maulamaa wakubwa wa nchi, wakamuuliza kila mmoja: Mwislamu ni nani? Hawakupata wawili waliotoa jibu moja. Majaji wakaandika kwamba wao wakilishika jibu la mwanachuoni mmoja, watakuwa makafiri kwa majibu ya waliobaki. Waligundua pia kwamba fedha zilizotengwa kwa elimu ya watu wazima zilikuwa zimepelekwa kwenye magazeti, na magazeti hayo ndiyo yaliyokuwa yakichochea moto. Jambo hilo la pili husahaulika, nami naliona ndilo zito. Chuki ile haikuota yenyewe. Ililipiwa kutoka hazina ya umma.

Mwaka huohuo wa 1953, jumuiya hiyohiyo ilichapisha Nairobi tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, kazi iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad, mubaligh aliyefika Afrika Mashariki katika miaka ya 1930. Masheikh wa pwani hawakuikubali. Waliona ndani ya maelezo yake itikadi ambayo kwao ni upotofu, na walisema hivyo waziwazi. Jibu kubwa zaidi lilikuwa la Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye alifasiri Kurani nzima yeye mwenyewe, ikatoka kamili 1969, na katika maelezo yake akawapinga Waahmadiyya hoja kwa hoja. Ugomvi ulikuwa mkali, na lugha iliyotumika haikuwa ya upole. Lakini ulikuwa ugomvi wa kalamu, na Kiswahili kikabaki na tafsiri mbili mahali ambapo bila ugomvi huenda pangekuwa na moja. Katika miaka ileile Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, mubaligh wa Kiahmadiyya aliyesomea dini Rabwah, Pakistan, na ambaye kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili amefundishwa kanuni zake za utunzi, alikuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri wa sheria wa Tanganyika. Waislamu wengi wa Tanganyika hawakukubaliana na dini yake, lakini hilo halikumzuia kuapishwa. Alifariki Oktoba 1964, na kiwanja cha mpira cha Arusha kinaitwa kwa jina lake.

Sisemi kwamba Afrika Mashariki haijui ugomvi wa dini. Nasema kwamba mambo yaliyosemwa juu ya Waahmadiyya katika misikiti ya Mombasa na Zanzibar hayakupishana sana na yale ya Lahore. Kilichopishana ni kwamba huku kwetu hakuna bunge lililoyaandika.

Pakistan bunge liliyaandika mwaka 1974. Zulfikar Ali Bhutto, waziri mkuu wa wakati huo, hakuwa mtu wa dini, na Waahmadiyya wengi walikuwa wamekiunga mkono chama chake katika uchaguzi wa 1970. Tarehe 29 Mei palizuka mapigano kati ya wanafunzi wa udaktari kutoka Multan na vijana wa Kiahmadiyya katika kituo cha reli cha Rabwah, mji ambao jumuiya iliujenga kando ya mto Chenab baada ya kuihama Qadian wakati wa mgawanyo wa India na Pakistan. Hapo Punjab ikalipuka tena. Bhutto angeweza kufanya kama 1953: kuyakataa madai na kurudisha amani. Aliona afadhali kulifanya Bunge lote kuwa kamati na kuifunga milango. Kiongozi wa tatu wa jumuiya, Mirza Nasir Ahmad, aliitwa akahojiwa kwa siku nyingi na Mwanasheria Mkuu juu ya imani yake, na kumbukumbu za mahojiano hayo zikafungiwa kwa miongo. Tarehe 7 Septemba 1974 Bunge likapitisha, bila kura hata moja ya kupinga, marekebisho ya pili ya Katiba: asiyeamini ukomo wa utume bila sharti, huyo si Mwislamu kwa mujibu wa Katiba na sheria.

Bhutto aliwaambia wabunge kwamba tatizo la miaka 90 limepata ufumbuzi. Aliamini hivyo, na pengine wengi waliomsikiliza waliamini pia. Lakini fikiri kile ambacho Bunge lilikuwa limekifanya. Halikutoa adhabu yoyote. Lilitoa jina tu, na mtu aliyepewa jina hilo akaendelea kusali na kujiita alivyojiita siku zote. Kwa waliodai jina hilo, huo ukawa ukaidi mpya. Kama Katiba imesema si Mwislamu, mbona bado anaadhini? Swali hilo halikuwapo kabla ya 1974. Bunge ndilo lililolizaa.

Jenerali Zia ul-Haq alilijibu. Alimpindua Bhutto 1977, akamnyonga 1979, na kwa kuwa hakuwa na kura alitafuta uhalali wake kwa maulamaa. Tarehe 26 Aprili 1984 alitoa Amri ya Rais Namba 20, iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu vifungu 298-B na 298-C. Kuanzia hapo likawa kosa la jinai kwa Mwahmadiyya kuuita msikiti wake msikiti, kuadhini, kujiita Mwislamu, kuieneza imani yake, au kuumiza hisia za Waislamu kwa namna yoyote ile. Maneno hayo ya mwisho hayana mipaka, na ndiyo yanayotumika zaidi. Siku chache baadaye kiongozi wa nne, Mirza Tahir Ahmad, aliondoka kwenda London, maana asingeweza kufungua kinywa mbele ya wafuasi wake bila kuivunja sheria. Uongozi wa jumuiya haujarudi Pakistan tangu hapo. Mkutano wao mkubwa wa mwaka, Jalsa Salana, haujafanyika tena Rabwah. Mwaka 1986 ikaongezwa adhabu ya kifo kwa kumkashifu Mtume, na Mwahmadiyya, ambaye imani yenyewe aliyonayo huhesabiwa na washitaki wake kuwa kashfa, akawa anaishi na kifungu hicho juu ya kichwa chake.

Bado ilikuwapo Mahakama ya Juu. Sheria ya dikteta huenda ikafutwa na majaji akishaondoka, na Zia alikufa 1988. Kesi ya Zaheeruddin iliamuliwa 1993, nayo kwangu ndiyo shimo refu kuliko yote katika safari hii. Majaji walio wengi waliutetea uhalali wa vifungu vile kwa kutumia sheria ya alama za biashara. Walisema istilahi za Kiislamu ni mali ya Waislamu kama jina la bidhaa lilivyo mali ya kampuni, na wakatoa hata mfano wa Coca-Cola, kwamba kampuni hiyo haimruhusu mtu mwingine kuuza kinywaji chake mwenyewe katika chupa zenye jina la Coca-Cola. Jaji Shafiur Rahman alipingana nao, akabaki peke yake. Sala, shahada na adhana, ambavyo Mwislamu huamini ni vya Mwenyezi Mungu, viligeuzwa na mahakama ya nchi ya Kiislamu kuwa bidhaa yenye nembo. Namshangaa mwanachuoni aliyeisoma hukumu hiyo akafurahi.

Baada ya hapo unyanyasaji ukahamia kwenye makaratasi. Mpakistani anayeomba pasipoti na kujiandika Mwislamu lazima atie sahihi tamko kwamba anamhesabu Mirza Ghulam Ahmad kuwa nabii wa uongo na wafuasi wake kuwa si Waislamu. Kwa hiyo mwalimu, dereva, mama anayekwenda Hija na kijana anayetafuta kazi ya ujenzi Dubai, watu ambao pengine hawajawahi kukutana na Mwahmadiyya, wote wametakiwa kumkufurisha kwa maandishi ndipo wasafiri. Mamilioni wametia sahihi. Sidhani kuna chombo kingine kilicholifanya jambo hili kuwa la kawaida kuliko mstari huo mmoja wa fomu.

Daftari la wapiga kura ni vivyo hivyo. Jenerali Pervez Musharraf, aliyekuwa akitawala, alipofuta 2002 utaratibu wa kuwatenga wapiga kura kwa dini, Wakristo na Wahindu walirudishwa katika daftari moja na Waislamu. Waahmadiyya walibakizwa katika orodha yao ya pembeni kama wasio Waislamu, nao hawapigi kura, kwa kuwa kujiandikisha humo ni kuikana dini yao kwa mkono wao wenyewe. Ndiyo maana Rabwah, mji ambao karibu wakazi wake wote ni Waahmadiyya, hauna hata diwani mmoja wa kwao. Hata jina la mji liliondolewa bila kuwauliza: mwishoni mwa miaka ya 1990 Bunge la Punjab liliuita Chenab Nagar.

Mtu angetegemea basi kwamba, wakishatangazwa si Waislamu, watapata angalau hifadhi wanayoahidiwa wasio Waislamu. Mwaka 2020 serikali ilipounda tume ya taifa ya watu wa dini za wachache, kelele zilipigwa na Waahmadiyya wakaachwa nje, kwa hoja kwamba hawakubali kuwa si Waislamu. Wamewekwa kati ya milango miwili, na yote imefungwa.

Waliokufa nao hawakuachwa. Abdus Salam, mtoto wa Jhang, alijiuzulu ushauri wa sayansi wa serikali baada ya marekebisho ya 1974. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Mpakistani wa kwanza kuipata Nobel yoyote. Alifariki Oxford 1996, akarudishwa kuzikwa Rabwah. Jiwe la kaburi lake lilimwita Mwislamu wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Neno Mwislamu lilifutwa, na pengo likaachwa palepale katikati ya sentensi.

Jhang ya Salam ndiyo Jhang ambako Sipah-e-Sahaba ilianzishwa 1985. Dai la kundi hilo lilikuwa kwamba Washia nao watangazwe makafiri. Tazama mpangilio wa miaka: mwaka mmoja baada ya amri ya Zia, wapo waliotaka chombo hicho kitumike kwa wengine, na maelfu ya Washia wameuawa tangu wakati huo. Mwaka 2011 waliuawa Salmaan Taseer, gavana wa Punjab, na Shahbaz Bhatti, waziri Mkristo, kwa sababu ya kuikosoa sheria ya kashfa. Kati yao hakuna aliyekuwa Mwahmadiyya.

Kuhusu damu ya Waahmadiyya nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana zaidi. Ijumaa ya tarehe 28 Mei 2010 misikiti yao miwili ya Lahore ilivamiwa kwa pamoja, na watu zaidi ya 80 wakauawa wakiwa katika sala. Aprili 2025 mmoja wao alipigwa na umati hadi kufa Karachi, karibu na mahali pao pa ibada. Kati ya tarehe hizo mbili wameuawa madaktari, wafanyabiashara, walimu na watoto, mmoja mmoja, na magazeti mengi hayakuandika.

Jambo jipya la miaka hii ni kwamba serikali yenyewe imekuwa mateka wa kile ilichokikubali. Mwaka 2017 maneno machache ya kiapo cha wagombea ubunge yalipobadilishwa, chama cha Tehreek-e-Labbaik kilifunga barabara ya kuingia Islamabad kwa wiki kadhaa, ingawa maneno yalikuwa yamekwisha kurudishwa, hadi waziri wa sheria akajiuzulu. Septemba 2018 serikali ya Imran Khan ilimteua Atif Mian, mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, katika baraza la ushauri wa uchumi. Ni Mwahmadiyya. Waziri wa habari alimtetea hadharani, lakini baada ya siku chache Mian akaombwa aondoke. Nchi iliyokuwa ikitafuta mkopo wa kuokoa uchumi wake ilimkataa mchumi wake bora kwa sababu ya sala zake.

Kisha mahakama. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema kwamba Mwahmadiyya hawezi kuzuiwa kuabudu ndani ya kuta zake mwenyewe. Ni kauli ndogo, lakini kwa miongo mitatu haikuwa imesemwa. Februari 2024 Jaji Mkuu Qazi Faez Isa alimpa dhamana Mwahmadiyya aliyeshtakiwa kugawa tafsiri ya Kurani, kwa kuwa sheria aliyoshtakiwa nayo ilitungwa 2021 na kitendo kilikuwa cha 2019. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria angefika huko huko. Kampeni dhidi ya jaji ilianza, ikatolewa ahadi ya zawadi kwa atakayemkata kichwa, na waandamanaji wakafika hadi kwenye mahakama yenyewe. Agosti mwaka ule Mahakama ya Juu iliwaita maulamaa, ikawasikiliza, na kuziondoa katika hukumu yake aya walizozilalamikia. Mwaka 1954 majaji waliwahoji maulamaa na kuandika walichokiona. Miaka 70 baadaye majaji walifuta walichokwisha kuandika.

Hesabu za sensa zinaonyesha matokeo. Mwaka 1998 Waahmadiyya walikuwa asilimia 0.22 ya Wapakistani. Mwaka 2017 walihesabiwa kuwa asilimia 0.09, na 2023 asilimia 0.07. Wengi hawajiandikishi kwa jina hilo, kwa hiyo tarakimu hizo si idadi yao halisi. Ni kipimo cha wangapi bado wanathubutu kujitaja mbele ya karani wa serikali, na wangapi bado hawajaondoka.

Pakistan haiko peke yake. Indonesia ilitoa 2008 agizo la mawaziri la kuwazuia Waahmadiyya wasiieneze imani yao. Februari 2011, katika kijiji cha Cikeusik, watu 3 waliuawa na umati mbele ya kamera, na waliotiwa hatiani walipata vifungo vya miezi michache.

Kuibadili Katiba ya Pakistan katika jambo hili ni kazi isiyotegemewa na yeyote kwa sasa, na Waahmadiyya ninaowasikia wakizungumza hawaianzii huko. Yapo mengine chini yake. Tamko la pasipoti halimo katika Katiba. Orodha ya pembeni ya wapiga kura ni ya sheria ya kawaida ya uchaguzi. Agosti 2023 Mahakama Kuu ya Lahore iliamua kwamba minara na mihirabu iliyojengwa kabla ya 1984 haipaswi kubomolewa, kwa kuwa sheria ya mwaka ule haikuhusu majengo yaliyokuwapo. Hukumu hiyo haihitaji bunge. Inamhitaji mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye anapopigiwa simu na kikundi cha watu wanaotaka mnara ushushwe kabla ya Ijumaa, awaonyeshe karatasi ya mahakama na kuwarudisha makwao. Tangu itolewe, minara imebomolewa katika miji kadhaa ya Punjab, na mara kwa mara waliopanda juu na nyundo walikuwa askari wenyewe.